Viti Sita

Saa tisa usiku, Innsbruck. Theluji yapapasa dirisha
la Roswitha; hana habari.
Leza zimeshika atomu elfu themanini,
baridi kupita anga lisilo na nyota.

Mwanzo zilitiririka pasipo msuguano:
hii ndiyo ile, ile ndiyo hii,
hakuna iliyojua kwake ni wapi.

Akaongeza mwanga. Mwanga ukachimba vishimo.
Bado zikavuka, zikavuka,
kisha, katikati ya pumzi,
basi.
Kila moja na chumba chake,
hakuna inayobisha hodi.

Wala baridi haikuzidi. Hapakuganda kitu.
Ni kule kukataana tu
kulikopita mpaka.

Akaandika namba, kalamu ikasita:
meza ya mama, viti sita,
jioni ile walipoacha
kupitishiana chumvi.