Mivinje ya Ulenge

Injini ilikohoa toka Sahare mpaka hapa,
ikanyamaza, ndipo tukaisikia mivinje.
Upepo wenyewe hatukuuhisi.
Mivinje huupata kabla yetu,
kama mtu asomaye barua kimoyomoyo
huku midomo ikimcheza.

Mwantumu Shekue alitangulia na fimbo:
viatu msivue.
Mimi nikavua.
Zulia la majani yake, membamba, rangi ya kutu,
likanidanganya hatua arobaini.
Kisha zulia likaisha.

Jiwe la huku halina mgongo, lina meno.
Lilikuwa hai, likafa wima,
likabaki na kila tundu lililolipumulia.
Humo sasa: konokono kama punje ya mtama,
kifuniko cha soda, maji ya chumvi kijiko kimoja,
na mzizi wa mvinje unaochungulia
kama mpangaji anayeulizia chumba.

Damu ilitoka. Mwantumu hakunipa pole.
"Kwani babu yako si alikuwa mchoma chokaa?"
Alikuwa. Tanuri lake Chongoleani,
magogo chini, matumbawe juu,
siku tatu moshi mweupe na kikohozi.
Mawe mazima mazima alijengea nyumba yetu.
Nilipougua surua nilihesabu ukutani
nyota zilizozama ndani ya jiwe,
nikafika mia na kitu, nikalala.
"Si nyota," akasema. "Ni midomo.
Kila moja ilikula."

Bamvua liliivuta bahari mbali.
Tukanyata hadi penye shimo la baruti:
vipande vyeupe, mifupa ya kuku
asubuhi ya baada ya harusi.
Akainama. Akaniita kwa kidole.
Juu ya kifusi, tumbawe changa,
zambarau, dogo kama ukucha wa mtoto.
"Huu mwaka wa tatu. Usiliguse."
Sikuligusa. Kivuli cha mkono wangu
kililifunika, nami
nikakiondoa upesi.

Nilirudi na ndala moja; ya pili ilikwenda na maji.
Mivinje haijamaliza barua yake.

Nyumbani ukuta siku hizi una rangi ya mafuta,
kijani, mjomba aliipaka kwa ajili ya wageni wa Idi.
Usiku, wenzangu wamelala,
nilisogeza kabati,
nikachukua ufunguo wa mlango wa uani
nikakwangua
mpaka ukaonekana mdomo mmoja.