Maji Kabla ya Unga

Baba aliweka saa yake kwa king'ora cha kampuni.
Miaka thelathini na mmoja, matrikule 4471,
tanuri la shaba likimtafuna nyusi.
Alipotaka kuapa hakutaja mbingu;
alinyoosha kidole juu ya mabati ya Katuba
kuelekea bomba lile refu la moshi:
"Mungu yupo, sikatai. Lakini kampuni iko hapa,
naiona hata nikiwa chooni."

Tulicheka. Tulikuwa na haki ya kucheka:
kila mwisho wa mwezi gunia la unga liliingia begani mwake,
na maziwa ya kopo, na samaki wa chumvi,
na madaftari ya shule yenye muhuri.
Mama alipiga magoti pembeni ya gunia lile
kushukuru, na baba, huku akivua buti, akamwuliza,
"Unamshukuru nani? Mimi ndiye niliyesaini."

Kisha moshi ukapungua.
Hakuna aliyetuambia. Ukawa mwembamba,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu,
halafu asubuhi moja ya Oktoba, mijakaranda ikiwa imemwaga
zambarau yake yote barabarani,
anga lilikuwa safi kabisa
na wanaume wakatoka nje kulitazama kwa hofu.

Walimpa karatasi. Pesa zingekuja kwa awamu tatu.
Ya kwanza ilikuja; akanunua friji kubwa la kuuzia samaki,
umeme ukakatika siku tisa.
Ya pili bado iko njiani,
labda imekwama Kasumbalesa nyuma ya malori.

Sasa nataka kusema juu ya mama, Ngoie binti Kisimba,
kwa sababu wahubiri wakisimulia habari kama hii
huishia pale unga unapogonga mlango.
Mama aliinjika sufuria saa kumi na mbili jioni,
maji matupu, makaa ya mwisho.
Maji kwanza, alisema, kuomba baadaye;
Bwana asije akakuta jiko limelala.
Na kweli, mara nyingine mlango uligongwa:
Mama Kapya na bakuli la unga wa muhogo,
mtu aliyekumbuka deni la zamani,
mara moja uyoga wa kichuguu, mpana kama mwavuli,
tukala bukari mpaka tukalegea.

Lakini nakumbuka Jumanne ambayo hakubisha mtu.
Maji yalichemka, yakapungua, akaongeza, yakachemka.
Mdogo wangu Musao alilala akiwa amekaa.
Saa nne usiku mama akaipua, akatia chumvi,
akatugawia kwa kikombe, mmoja mmoja, kama mchuzi,
akasema Amina
kwa sauti ileile ya siku za gunia.
Haikushuka. Haikupanda.

Baba alikuwa gizani, amelipa dirisha mgongo.
Nikamwona ananyoosha mkono, anapokea kikombe,
na kabla ya kunywa akavua kofia
ambayo hakuivua hata mbele ya mabwana wa ofisini.

Leo nami nina kofia ngumu, ya kampuni nyingine.
Gari jeupe linanichukua alfajiri,
dola zinaingia kwenye simu kwa mlio mtamu kama wa ndege.
Wiki iliyopita mwanangu aliniuliza nani anatulisha.
Mdomo wangu ulishafunguka; kidole kilishaanza kunyooka
kuelekea kule kwenye taa za mgodi.

Nikakirudisha. Sikuwa na hotuba.
Nilikwenda jikoni, nikawasha makaa ingawa umeme ulikuwepo,
nikainjika maji,
nikamwambia, njoo tusimame hapa kidogo,
unga upo, usiogope, leo unga upo,
lakini tuanze na maji.