Gurudumu la Mbele

Nilikwenda na futi yangu shingoni,
ile ninayopimia mabega ya mabibi harusi,
maana kabla ya kuuliza rangi na bei
nilikuwa nimeshaupima mlango wetu wa Kibokoni:
inchi ishirini na sita,
na kizingiti kilichoinuka shibiri nzima.
Kisha nikaupima ujia, pale penye baraza ya Bi Nargisi,
ambapo wawili wakikutana
mmoja hana budi kujibandika ukutani.
Ishirini na tisa. Nikaandika kiganjani.

Mavyaa alinitazama, akacheka.
"Mimi nimelea saba kwa leso mbili.
Kigari cha nini, na nyonga Mungu kakupa?"
Sikumjibu. Mgongo ndio ungemjibu,
tangu siku ya kisu pale Makadara, nikaambiwa
usinyanyue kitu kizito kuliko nusu ndoo,
na Salha nusu ndoo ameshaipita zamani,
Salha sasa ni ndoo nzima na kata yake.

Dukani, mtaa wa Biashara, Bwana Esmailji
alitusukumia kwanza vile vya magurudumu manne,
vina vikombe, vina mifuko, vina mapazia,
vitanda vilivyoota miguu.
Futi ikasema thelathini.
Hicho kitafika barazani kwa Bi Nargisi
na hapo kitalala.

Ndipo kikatolewa cha matatu:
mawili manene nyuma, moja mbele peke yake
likigeukageuka kama jicho la mtu mwenye deni.
Inchi ishirini na tano.
Athman akasema, "Hii si tuktuk?"
Tuktuk imeshindwa kufika wapi mji huu?
"Itapinduka. Tatu si nne."
Nani, nikamuuliza, aliyeinjika chungu juu ya mafiga manne?

Nilisema kwa sauti kubwa
kwa sababu nami niliogopa.

Nikaagiza mchele kilo kumi duka la pili,
tukaulaza kitini, tukaufunga mikanda,
Bwana Esmailji akilia, mama, mama, hiki si cha mchele,
nami nimeshatoka nje kwenye jua la saa saba,
juu ya lami iliyomeguka na maganda ya madafu,
nikapanda ukingo, nikashuka,
nikakata kona, nikamkata njia
mwenye mkokoteni wa maji.

Hakutukana. Aliegesha madebe yake,
akachutama, akalizungusha gurudumu la mbele kwa kidole,
akatega sikio kama daktari.
"Usitazame," akasema. "Sikiliza.
Likilia likiwa jipya, likizeeka litapiga mayowe."
Halikulia.
Akabonyeza mpira. "Hili si la upepo. Vyema.
La upepo litakutafutisha pampu kila Ijumaa."
Akanionyesha kikufuli ambacho Bwana Esmailji
hakukijua, au hakukisema:
"Ukiteremka kivukoni Likoni, na umati ule,
funga hapa, la mbele lisigeuke. Na kamba hii
itie mkononi, usiache hata ukipokea chenji."
Athman akamuuliza, akicheka,
matatu yatosha kweli?
Akafuta jasho kwa ukosi wa shati.
"Mimi nasukuma mawili, mwaka wa kumi na tisa huu.
La tatu ni mimi."
Jina lake Chengo. Nilimnunulia soda,
akainywa amesimama.

Elfu kumi na nne ikashuka hadi kumi na moja na mia tano,
na chandarua juu yake.

Salha alikikataa. Alijikunja kama upinde,
akampigia bibi yake mikono,
basi mchele ndio uliopanda kigari hadi nyumbani,
umefungwa mikanda, una kivuli,
na mavyaa nyuma, mjukuu nyongani,
akihema, asiseme neno.

Bi Nargisi alikunja miguu tulipokaribia.
Hakuna haja, nikamwambia.
Tukapita. Mlangoni
kikabaki nusu inchi huku, nusu inchi huku,
kama nguo iliyoshonwa na mtu anayejua.

Alfajiri nikasikia ujiani
kitu kinasukumwa taratibu, kinarudi, kinasukumwa.
Nikachungulia dirishani.
Kigari kitupu. Leso mbili.
Mavyaa ameinamisha kichwa,
anasikiliza gurudumu.