Matundu Kumi na Saba

Mabati tuliyanunua makuukuu
kwa mtu aliyebomoa ghala lake kule Muhumba.
Misumari aling'oa, akabaki nayo;
matundu yake akatuachia bure.
Hapa Kadutu mvua haibishi hodi:
nilipanga vikombe, sufuria, hata kopo la rangi,
na usiku kucha nyumba ikahesabu, to, to, to,
nami nikihesabu pamoja nayo faranga nisizo nazo.

Nsimire alihesabu kitu kingine.
Asubuhi, jua likichomoza ng'ambo ya Ruzizi,
kila tundu liliangusha sarafu ya mwanga,
sarafu, zile ambazo nchi hii haizitumii tena,
naye, miaka minane, magoti kwenye simenti,
akazipa majina.

La kwanza aliliita Deni,
kwa kuwa hufika mlangoni kabla hatujaamka.
Lile kubwa la duara, litembealo polepole
kutoka mkekani hadi kwenye meza bila kumtazama mtu,
ni Askofu.
Mawili yaliyokaribiana: Mapacha wa Mama Cibalonza,
maana moja likizimika, la pili nalo hufuata.
Kulikuwa na Kipele, kulikuwa na Jicho la Sambaza,
kulikuwa na moja alilokataa kunitajia
akisema lenyewe halijakubali.

Nikamwambia: mwanangu, hayo ni matundu.
Akaniambia: Mama, Askofu akigusa mguu wa meza
wewe huwa unatoka kwenda sokoni.
Nikatazama chini. Karai kichwani, kata imekaa sawa,
na Askofu, kweli, kwenye mguu wa meza.

La kumi na saba halikuja kila siku.
Lilikuja mwezi wa saba tu, kiangazi,
jua likishahamia upande wa pili wa paa la jirani.
Lilikaa ukutani, karibu na msumari wa koti,
siku kumi, labda kumi na mbili, kisha likaondoka.
Hilo aliliita Baba.
Sikusema kitu. Kamituga ni mbali,
na shimo la dhahabu halirudishi salamu.

Miaka miwili niliweka akiba kwenye kopo la maziwa,
samaki kwa samaki, wadogo kama kucha,
hadi fundi Bisimwa akaja na mabati mapya
yanayong'aa mpaka kuku wakakimbia.
Usiku ule mvua ikapiga, ikapiga,
wala hata tone.
Nililala usingizi wa tajiri.
Asubuhi nikamkuta ameketi gizani
kama mtu aliyefiwa na ukoo mzima.

Sikutoboa bati. Nisisingiziwe wazimu;
bati moja najua limekula sambaza wangapi.
Lakini chaki aliyookota shuleni sikumnyang'anya.
Alichora duara moja moja, kwa kumbukumbu,
sakafuni, kwenye mguu wa meza, ukutani;
nami nikifagia nazunguka,
nalalamika, nazunguka.
Jirani akauliza ni ugonjwa gani huu
wa kurukaruka ndani ya nyumba.
Nikamjibu: nampisha Askofu.

Leo ni mwezi wa saba.
Vumbi limelalia majani ya migomba.
Nsimire ameweka kiganja juu ya duara lile la ukutani,
karibu na msumari usio na koti tena,
ananinyamazisha kwa kidole.
"Limefika, Mama. Liko juu ya paa.
Linabisha."

Nami, mtu mzima, karai kichwani,
samaki wanaharibika, soko limeshajaa,
naenda kufungua mlango.