Kamba ya Mwarandu

Baba alipima kwa kamba moja ya makumbi,
fundo kila pima,
akaapa mbele ya chifu
kwamba hakuna mtoto aliyepunjwa.
Ni kweli. Mafundo niliyahesabu mwenyewe.
Kahindi arobaini, ukingoni mwa Sabaki.
Ngowa arobaini, kwenye wekundu wa Magarini.
Na mimi Nyevu, binti, arobaini huku Msabaha,
ambako jembe likishuka hulia kengele
na kurudi na jino pungufu.

Kamba hupima juu.
Chini haikufika.

Chini yangu kuna bahari.
Sisemi kwa mafumbo: bahari yenyewe, iliyokufa ikasimama.
Kila ning'oapo jiwe nakuta nyumba ya mtu,
chaza aliyefunga mlango,
tumbawe lenye vitundu kama sega,
wote hawajawahi kuonja mvua
hadi maji yalipojiondokea, yakawaacha juani.
Juu yao, udongo wa kina cha kiganja.
Ukilala chali, mgongo unajua.

Kahindi halimi udongo wake.
Kila mafuriko mto humletea shamba la mtu mwingine:
tope la Ukambani,
unga wa vilima vilivyowahi kutapika moto,
vumbi walilojipaka tembo wa Tsavo.
Anapanda mahindi juu ya mali ya watu asiowajua
na hajaja mtu kudai.
"Mto ni mwizi wangu," husema akicheka.
Mwaka mmoja mwizi alirudi usiku,
akabeba safu tatu za migomba
na choo, pamoja na mlango wake.

Kwa Ngowa ni mchanga,
mwekundu kama kutu kwa sababu ni kutu.
Maji hupita bila hodi.
Samadi aliyomwaga Machi, Juni hajui iko wapi.
Mikorosho tu ndiyo inayomvumilia.

Nilinuna miaka minne.
Kisha nikaenda kwa baba, naye keshalala kitandani:
"Ulinipa kaburi la makombe."
Akauliza, "Umechimba wapi?"
"Kila mahali."
"Hujachimba. Umegonga."

Nikarudi na mtaimbo, nikagonga tena,
safari hii nikisikiliza.
Kuna pahala mwamba hujibu kwa sauti ya mtungi mtupu.
Hapo mvua, kwa uchachu wake mdogo usioonekana,
imekuwa ikilamba chokaa
tangu kabla ya jina la Malindi,
ikaacha kile isichoweza kukimeza:
mfinyanzi mwekundu, chembe juu ya chembe.
Mwamba wa kimo cha mnazi ukiyeyuka
huenda usijaze sufuria.

Mashimo hamsini na matatu.
Katika kila moja mpapai.
Wapitao hucheka, wanasema nimepanda kama mlevi,
hakuna mstari, hakuna safu.
Sikuchagua mimi. Mvua ilichagua,
nikafuata na miche.

Siku hizi Ngowa anataka mawe yangu yaliyosagwa,
eti mchanga wake una uchungu.
Bei hatujaafikiana.

Baba alipofariki tulikaa na swali moja.
Kwa Kahindi, mto ungemdai.
Kwa Ngowa, kuta za shimo zingemwagika kabla ya sala.
Akaletwa kwangu.
Vijana wanne, mitaimbo miwili, siku mbili,
cheche zinaruka, mikono inatoka malengelenge,
mmoja akanitukana kwa Kigiriama akidhani sisikii.
Walipofika kiunoni
mtaimbo ukabadilisha sauti.
Ukazama.
Udongo ukatoka, mbichi, mwekundu,
ambao jua halikuwahi kuuona.

Tulimshusha kwa kamba ile ile ya makumbi.
Fundo moja tu
lilitosha.