Riba ya Juni na Desemba

Barua imekuja, bahasha ya kahawia.
Jina kwenye kidirisha chake ni Bi. A. Ollerenshaw,
aliyezikwa mwaka hamsini na moja,
mimi sijazaliwa, mama hajaolewa.
"Tuna furaha kukuarifu," Serikali inasema,
"kwamba mkopo wa vita utalipwa wote,
mtaji na riba, tarehe tisa Machi."
Paundi tano.
Nimeisoma nimesimama, birika linapiga mluzi.

Kukopa harusi, na harusi ilikuwepo kweli:
Burnley, Januari ya kumi na saba, theluji imegeuka tope,
bendi ya shaba mbele ya posta,
meya na mkufu wake, bango ukutani linanyoosha kidole.
Alice alitoka kiwandani na nyuzi za pamba nyweleni,
akatoa paundi tano alizodunduliza kwa ajili ya cherehani,
akapewa karatasi yenye taji na nambari.
Mumewe, Herbert, alikuwa keshakwenda.
Yeye hakuandikiwa riba.

Matanga hayakungoja malipo.
Oktoba ileile ilikuja fomu,
jina lake limejazwa kwa wino
pale palipoachwa wazi kwa ajili ya jina.
Na Desemba, bila kukosa, riba:
shilingi mbili na nusu.
Juni, shilingi mbili na nusu.

Mwaka wa ishirini na tatu wakamkatia pensheni ya ujane.
Jirani aliandika kwamba kofia ya mpangaji
imeonekana kwenye msumari wa Herbert.
Mtu akaja na daftari, akautazama msumari,
akakataa chai.
Pensheni ikakoma. Riba haikukoma.
Fedha yake ilikuwa na heshima kuliko yeye:
hakuna aliyeuliza imelala wapi, na nani.

Mwaka wa thelathini na mbili wakamwomba apunguze,
kwa hiari, kwa uzalendo,
kutoka tano kwa mia hadi tatu na nusu.
Mama anasema bibi yake alitia sahihi huku anasonya.
Na nasikia London nayo ilikuwa na deni lake Washington,
mamilioni kwa mamilioni, la vita vilevile,
na mwaka wa thelathini na nne ikanyamaza tu,
kama mtu aliyemwona mdai njiani
akavuka barabara.

Kwetu hawakunyamaza.
Mfalme akajiuzulu, vita vingine vikaja na mikopo yake,
Alice akafa na hakuna aliyewaambia,
shilingi zenyewe zikafutwa,
na bado hundi ilidondoka nyuma ya mlango:
peni tisa,
stempu ya bahasha ghali kuliko kilichomo.
Mama alizitia kwenye kopo la biskuti.
"Tusizipeleke benki," alisema, "watatucheka."
Nadhani hakutaka hesabu ifungwe.

Leo nimepiga simu. Kijana, Gareth, mpole,
sauti ya mtu aliyefundishwa upole kwa siku mbili.
Anataka cheti cha kifo cha Alice.
Cheti ni paundi tisa na ushee.
Paundi tisa, kudai tano!
Dawa ya deni ni kulipa, wanasema,
na dozi hii ya mwisho wanamnywesha maiti.

"Na Herbert je?" nimemwuliza.
Nikasikia vidole vyake kwenye vibonyezo.
"Herbert Ollerenshaw... simwoni. Alikuwa na hati?"
"Hapana."
"Alitukopesha kiasi gani?"
Birika limeshapoa.
Nimemwambia sijui, miaka ishirini na sita, labda na miezi.
Akasema, samahani, hapo sina pa kuandika.

Msumari bado upo nyuma ya mlango,
umepakwa rangi mara nyingi hadi umenenepa.
Nimeitundika bahasha hapo.
Gareth alikuwa amenituliza kabla ya kukata simu:
nisiwe na wasiwasi, kwenye kompyuta yao
deni litaonekana limelipwa
hata nisipolichukua.