Maagizo kwa Yerko, Anayeshika Zamu

Yerko, funguo zimo ndani ya kopo la kahawa.
Upepo wa Punta Arenas utakuvua kofia kabla hujafika kazini.
Iache iende. Mimi nimeacha tatu.

Wakikupigia simu kwamba mashine imekufa, usikimbie.
Uliza: imechomekwa?
Uliza kwa adabu, kana kwamba wewe ndiye uliyesahau.
Bi Herminda wa duka la sufu alinitoa kitandani usiku wa theluji,
nikapanda kilima na mkoba wa bisibisi,
nikamkuta paka kalala juu ya soketi
na waya ubavuni mwake, umelegea kama mkia wa pili.
Sikucheka. Nilikunywa chai.
Nilimtoza nusu, na nusu hiyo akailipa kwa soksi.

Zima. Hesabu hadi thelathini. Washa.
Watasema ni uganga.
Usijivunie: kichwa kilichojaa hutaka usingizi, basi.

Akina Oyarzo walilipia intaneti ya kasi miaka miwili,
wakaifungia ruta kabatini pamoja na masufuria,
kisha wakailaumu serikali.
Itoe. Iweke juu, mahali peupe, mbali na chuma.
Serikali ina makosa yake mengine.

Kompyuta ikimwagikiwa kahawa:
zima, chomoa, isimamishe kifudifudi kama hema,
usiiguse siku mbili. Mchele ni wa kupika.
Kikausha nywele kirudi kwa mwenye nywele.

Betri iliyovimba kama andazi
haitobolewi, haifinywi, haichajiwi "mara ya mwisho tu".
Itoe nje, ndani ya ndoo ya mchanga,
kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme.

Printa ya kliniki ya mifugo ni habari nyingine.
Ile ina kinyongo.
Ikikoroma, karatasi imekwama nyuma ya kile kimlango cha kulia;
vuta polepole, mikono miwili, kwa njia iliyoingilia.
Otilia atataka kuinyakua kwa hasira.
Mpe tochi ashike.

Maneno ya siri utayakuta chini ya kibodi.
Jina la mbwa. Kila mahali mbwa!
Waambie watunge sentensi ndefu ya kipuuzi
ambayo hata jirani mbeya hawezi kuikisia.
Yangu ilihusu shangazi na bata mzinga.
Nimeshaibadili, usijisumbue.

Ujumbe ukisema umeshinda, hujashinda.
Ukisema ni benki na una dakika kumi,
kumbuka foleni yao: tangu lini benki ikawa na haraka?
Piga namba iliyo nyuma ya kadi.

Sasa hili, lisome ukiwa umekaa.
Mwaka wangu wa kwanza nilibofya "futa vyote"
kwenye simu ya Bi Ruperta, iliyokuwa imejaa.
Sikuuliza imejaa nini.
Haraka ilikuwa yangu, hasara ikawa yake,
na hakunigombeza; aliikunja leso yake
mara nne, akaondoka.

Kwa hiyo kwanza nakala. Kabla ya bisibisi, kabla ya ushauri.
Nakala mbili, vyombo viwili,
na kimoja kilale nyumba nyingine.

Mzee Baldomero alikuja naye na simu iliyojaa.
Nikauliza.
Sauti kumi na moja za marehemu mkewe
akitaka kujua atarudi saa ngapi, anunue mkate au asinunue.
Nikamwekea kwenye diski mbili.
Moja ipo Porvenir kwa bintiye, ng'ambo ya mlango-bahari.
Ya pili anayo mwenyewe,
na kila Alhamisi atakuambia haifunguki.

Inafunguka, Yerko.
Nenda tu. Kaa naye hadi ile ya mkate iishe.
Usiandike risiti.

Bisibisi ndogo ya kichwa cha nyota imepotea.
Ukiiona, ni yangu.